Kipimo cha presha kisichukuliwe kwa pupa

Mhariri,

Siku za kupima afya bure zimeongezeka, viwanjani, stendi na baada ya ibada. Ni jambo jema, kwa sababu presha ya kupanda mara nyingi haina dalili, na wapo wanaoigundua wakiwa wamekwisha kupooza. Lakini namna inavyopimwa inatia wasiwasi.

Mtu amekuja kwa miguu juani, ameketi kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia, na mashine ikijaa hewa anaulizwa jina na umri. Yote hayo hupandisha namba. Kuongea tu kunaweza kuongeza milimita 10 za zebaki, yaani namba 10 kwenye mashine, na kibofu kilichojaa nacho hupandisha. Mwenye namba ya juu 132 anasomeka 148, anarudi nyumbani na hofu ya ugonjwa asio nao.

Kinachosahaulika zaidi ni mkanda, ule unaofungwa mkononi na kujazwa hewa. Timu nyingi hubeba wa kati, unaofaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono mnene akifungwa huo, namba itatoka juu kuliko presha yake halisi, hata mashine iwe mpya. Beba na mkanda mkubwa pamoja na futikamba ya fundi cherehani, upime mkono kwanza. Nguo ivuliwe, shati likikunjwa hubana mkono.

Anayepimwa apumzike dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, miguu isipishane, mkono mezani usawa wa moyo. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Apimwe mara mbili, dakika 1 au 2 zikipita katikati. Ikiwa 140/90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa. Ila ikifika 180/120 na kifua kinauma, anahema kwa shida au upande mmoja umelegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Waandaaji husema foleni itachelewa. Wekeni viti vitatu vya kupumzikia pembeni ya meza ya kupimia, foleni itasogea. Hata hivyo, afadhali watu 60 waliopimwa sawasawa kuliko 300 wenye namba za kubahatisha.

Na kila mtu apewe karatasi yenye namba zote mbili, tarehe, mkono uliopimwa na zahanati ya kurudi. Maneno "iko juu kidogo" hayamsaidii tabibu atakayempokea.

Muuguzi,
Morogoro