Kwa Vijana Mnaoambiwa Hamtulii na Jambo Moja

Assalaam alaykum, wajukuu zangu.

Nawaandikia nyinyi vijana wa Mvita, wake kwa waume, ambao mwezi huu mwashika sindano, mwezi ujao mwashika rangi na karatasi, na ule wa tatu mwajifunza kupiga udi. Nyumbani mwaambiwa hamtulii. Nanyi mmeanza kuyaamini maneno hayo. Nimewasikia kwa masikio yangu: "Mimi naacha, bibi, sina kipaji. Sijamaliza hata kimoja." Kauli hiyo imenikaa moyoni, ndipo nikaona heri niandike.

Mwatupiwa methali, mshika mawili moja humponyoka. Ni kweli, na mahali pake ni kwenye riziki. Kazi inayokulisha ishike kwa mikono yote miwili mpaka uijue barabara, maana wako watu wanaoitegemea. Lakini jioni, kazi ikishakwisha, mkono nao una haki ya kutembea.

Sisi watu wa pwani tulilijua hili zamani. Mji wetu umelelewa na pepo mbili. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia mwisho wa mwaka, na kusi ikavirudisha kwao. Kusi ikichafuka, vyombo vidogo vilipandishwa pwani, na mvuvi akakaa chini ya mti akitia viraka nyavu, akasuka dema la kunasia samaki, akachonga kasia, akaimba. Hakuna aliyemwambia hatulii. Ilijulikana bahari ina wakati wake.

Basi nanyi fuateni misimu. Masika yakianza, na kwetu Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, kaeni ukumbini msuke ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ukawa mkeka. Twaa miyaa, yaani majani ya mkoma, iliyokauka, ipasue kwa ukucha iwe nyembamba sawasawa, kisha inyunyizie maji, la sivyo itakatika mkononi. Ukitaka rangi, ichemshe kwanza. Ukianza kusuka, usingoje jani lifike mwisho. Tia jingine mapema, ncha zake ziache zichomoze, utazikata baadaye. Mara ya kwanza ukili utapinda kama mkia wa kinyonga, na wewe utaona haya. Endelea. Mkeka mmoja wahitaji pima nyingi za ukili, na mara nyingi mvua itakatika kabla yako. Uukunje, uutundike, usubiri masika mengine. Nilipokaa eda ya babu yenu nilikuwa na ukili wa namna hiyo, ulioachwa zamani, na mikono yangu ikapata pa kwenda siku ambazo kichwa hakikuwa na pa kwenda. Kazi isiyokwisha ina baraka zake, wanangu.

Kusi ikitulia ikawa upepo wa baridi ule wa Julai na Agosti, tengenezeni tiara, kishada cha kurusha. Msiwaachie watoto peke yao. Njukuti mbili za mnazi, moja imenyooka na moja imepindwa upinde, karatasi nyepesi, gundi ya unga wa ngano, mkia wa kitambaa kikuukuu. Likizunguka kama lenye kichaa, ongeza mkia. Nendeni nalo ufukoni mkalirushe, na mcheke.

Vuli ni ya kupanda: rehani kwenye makopo, na asumini ukipata kitawi cha jirani. Embe zikijaa Marikiti na jua la kaskazi likiwaka, kateni, tieni chumvi, anikeni, mfanye achari. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo hupita kwenye misimu yote, na unga wa kaimati wajua hivyo: wakati wa joto huumuka upesi hata ukushinde, wakati wa kusi wataka kubembelezwa. Mtu anayepika mara moja moja hufurahia tofauti hizo.

Na mashairi hayana msimu. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu huu aliyefariki mnamo 1840, alitunga juu ya vita vya Wamazrui, waliokuwa watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, na akatunga pia juu ya mapenzi, umaskini na mambo ya kila siku ya watu. Hakujifungia chumba kimoja. Jaribuni beti moja tu: mishororo minne, kila mmoja mizani 16, nane huku na nane kule, na vina katikati na mwisho. Hesabu kwa vidole. Ukikwama kwenye kina, nenda kamwagilie asumini yako.

Sasa, neno ambalo huenda likawaudhi. Msigeuze kila mnachokigusa kuwa biashara. Naona kofia haijatimia nusu, tayari imepigwa picha na kutafutiwa mteja. Mteja akija, na raha inaondoka, kwa sababu sasa washona kwa kuogopa. Anayetaka kuuza na auze, lakini abakishe kitu kimoja kisichokuwa na bei.

Na mkutanapo na mama anayesuka mikeka kwa kulisha watoto, msimpunje kwa kuwa nanyi mwajua kusuka. Nyinyi zaidi ya wote mnajua mgongo unavyouma. Mlipeni anachotaka, na mkiweza muulizeni namna anavyoanza ukingo; wengi wao hufurahi kuulizwa.

Msinunue vyombo vingi kabla hamjajaribu. Azimeni. Na mnapoiacha kazi kwa msimu, iacheni vizuri: chomoeni sindano kwenye kitambaa, maana hewa ya bahari huitia kutu na kofia ikabaki na doa, kisha sindano hiyo muipake mafuta kidogo na kuifunga kwenye karatasi. Karatasi za michoro zisikae sakafuni wakati wa mvua, zitaota ukungu. Miyaa iwe juu, pakavu.

Mvua zikianza, njooni kwangu baada ya alasiri, siku yoyote. Mikasi ninayo, na miyaa ya kuanzia ipo. Anayejua kufuma aje na uzi wake anifundishe, nami bado sijaijua kazi hiyo na naitamani sana.

Bibi yenu,
Mji wa Kale, Mombasa