BARUA YA MALALAMIKO: Hela zetu za viingilio na kambi Katavi zimeenda wapi?

Mhazini wa Kikoba,
Isevya, Tabora.

Kwa Meneja,
Ofisi ya safari za utalii,
Tabora mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA FEDHA ZA VIINGILIO NA KAMBI, HIFADHI YA KATAVI

Salaam sana na poleni na majukumu. Nimejitahidi niandike kwa adabu maana kina mama wenzangu walitaka tuje wote hapo ofisini kwenu siku ya Jumatatu na mabegi yetu tukae mlangoni, mimi nikawaambia subirini kwanza niwaandikie, labda hawa ni watu wa kuelewa.

Safari mnaijua, invoisi mliiandika wenyewe na mhuri wenu upo, kwahiyo sitapoteza muda kueleza tulikuja lini tukaongea na nani. Niende kwenye hela. Kila mama alilipa laki 4 na nusu, tulikuwa 12. Ndani ya hiyo laki 4 na nusu, laki 3 nzima mmeiandika ni "viingilio na kambi ndani ya hifadhi, usiku 2, vimejumuishwa". Vimejumuishwa. Hilo neno lipo kwenye karatasi yenu, mimi ndio nimelikuta.

Sasa Ijumaa saa kumi jioni tupo getini Sitalike, tumetoka Tabora alfajiri, Sikonge hatujanywa hata chai, Inyonga mmetusimamisha sijui dereva anakula kwa shemeji yake, tumefika tumechoka kina mama watu wazima miguu imevimba. Dereva anashuka anaingia pale kwenye ofisi ya geti anarudi anasema kuna hela imepungua, kila kichwa elfu 60, ya kambi na ya siku ya pili. Kila kichwa, na mjukuu wangu wa miaka 4 naye kahesabiwa kichwa. Laki 7 na elfu 80 jumla. Na anataka itumwe kwenye namba yake ya simu, jina lake yeye mwenyewe.

Nikamwambia mwanangu, hela ya hifadhi hailipwi kwenye namba ya mtu, inalipwa kwa kontroli namba, hilo hata mtoto wa darasa la saba analijua saivi, maji kontroli namba, kiwanja kontroli namba, faini ya trafiki kontroli namba. Akasema mama wewe hujui mambo ya mbuga. Nikamwambia basi mpigie bosi wako. Akapiga. Akaweka spika.

Na hapa ndugu Meneja naomba usome polepole. Ile sauti ya ofisini kwenu, ambayo wewe utakuwa unaijua ni ya nani, ikasema hivi, watu wote kwenye kosta wanasikia: "Waambie hao kina mama wa vikoba mbuga sio mnada wa ng'ombe, kama hela hawana wageuze wakaangalie mbuzi wao huko Tabora." Dereva akacheka. Alafu akazima injini, akapanda juu akaanza kushusha mabegi yetu moja moja anayaweka kwenye vumbi pembeni ya geti.

Sina la kuongeza hapo kwa sasa.

Nirudi kwenye hesabu, maana hesabu ndio kazi yangu kwenye kikoba. Mmeandika kwenye invoisi kiingilio dola 30 kwa kichwa kwa siku na kambi dola 30 kwa kichwa kwa usiku, mkazidisha mkabadilisha kuwa shilingi ndio ikapatikana hiyo laki 3. Ndugu zangu, dola 30 Katavi ni ya mgeni anayetoka Ulaya na Marekani huko. Sisi ni Watanzania, tuna vitambulisho vya NIDA, mlivichukua wenyewe kopi, tena mkatusumbua mama mmoja chake hakionekani vizuri arudi kupiga upya. Mtanzania na watu wote wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na bei yake iko chini mbali sana na hiyo. Sasa hivyo vitambulisho mlivitaka vya nini kama mlitupigia bei ya mzungu? Na kama mlitupigia bei ya mzungu, ilikuwaje hela ikapungua getini? Hapo ndio mimi nashindwa. Mtu unatozwa mara nyingi zaidi ya bei alafu bado unadaiwa!

Na mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio. Ni bure. Yule mjukuu wangu mmemuweka nusu bei kwenye invoisi, laki 2 na elfu 25, ndani yake laki na nusu ni "viingilio na kambi". Ya nani? Ya mtoto anayeingia bure?

Aliyenifumbua macho ni askari wa hifadhi mmoja kijana pale getini, Mungu ambariki. Alisikia kelele akatoka, akaniuliza mama kuna nini, nikamweleza, akaniita ndani akanionesha malipo yenu. Mlilipia watu 10. Kumi, na sisi watu wazima ni 12. Bei ya Mtanzania. Saa 24 tu. Kambi hamna hata shilingi moja. Akanielewesha vizuri kabisa kwamba kibali ni cha saa 24 na zinaanza kuhesabiwa mkishavuka geti, kambi nayo inalipiwa kwa kila mtu kila usiku, gari nalo lina ada yake peke yake, na juu ya hapo kuna VAT. Ni vitu ambavyo nyie ndio mnajiita wataalamu wa hivyo. Ratiba yenu inasema tuingie Ijumaa saa kumi jioni tutoke Jumapili saa nne asubuhi. Hesabuni hata kwa vidole, ni saa 42. Saa 42 haziwezi kutosha kwenye saa 24, lazima ulipie mara mbili. Mtu anayepanga safari za mbuga kila wiki hajui hilo? Anajua. Alijua, na alijua kwamba saa kumi na moja jioni geti linakaribia kufungwa watu wamechoka wana mtoto watatoa tu.

Askari akatuambia pia kwamba pale hawapokei keshi, na hakuna hela ya hifadhi inayopita kwenye simu ya dereva. Dereva aliposikia hivyo akakaa kimya akaanza kuchezea funguo.

Sasa nisikilizeni kuhusu yale mabegi. Mwenyekiti wetu ni mama wa makamo makubwa, mjane, hisa zake kwenye kikoba kazipata kwa kuuza asali na maembe, kila Jumamosi analeta hela imefungwa kwenye fundo la kanga, inanuka moshi. Yeye ndiye aliyetaka Katavi. Alihadithiwa tangu mtoto habari za mzimu wa Katabi na ule mkwaju wa kwenye ziwa Katavi, akasema kabla sijafa nataka niuone. Wakati ile sauti yenu inasema wageuze wakaangalie mbuzi, yeye alikuwa amekaa siti ya mbele kabisa, simu iko mita moja kutoka sikioni kwake. "Mbuga sio mnada wa ng'ombe." Dereva anacheka. Alafu begi lake ndio la kwanza kushushwa, la bluu lile la zipu mbovu, likafunguka, vitenge vikamwagika kwenye vumbi, na watalii wengine wenye landkruza zao wamesimama foleni wanatuangalia. Mwenyekiti akashuka taratibu, hakuongea na mtu, akainama akaanza kukung'uta vitenge vyake, alafu akafungua lile fundo la kanga akaanza kuhesabu noti za elfu mbili mbili ampe yule dereva. Kijana wa umri wa mjukuu wake. Na yule kijana AKANYOOSHA MKONO kupokea. Mimi ndio niliyemshika mkono mwenyekiti nikamwambia mama funga hela yako.

Hata mwizi wa kuku ana aibu ya kusubiri usiku uingie.

Tukalala Sitalike gesti kwa hela zetu, wengine wawili kitanda kimoja, mahema mliyosema mmebeba yamebaki juu ya kosta. Asubuhi tukalipia wale wawili ambao hamkuwalipia kiingilio, kwa kontroli namba kwenye simu yangu, dakika tano imeisha, meseji imerudi, yaani kitu rahisi hivyo. Tukaingia. Sitasema uongo, hifadhi ni nzuri, viboko wamejazana kwenye tope la mto Katuma wanagombania maji mpaka unawaonea huruma, nyati makundi, twiga wanakata barabara. Lakini kosta yenu madirisha mawili hayafungi, ndorobo wakaingia wakatung'ata mpaka mtoto akavimba shingo, na saa nane mchana dereva anasema mafuta mliyompa hayafiki mbali. Ziwa Katavi hatukufika. Mkwaju hatukuuona. Jioni tukatolewa nje maana kambi haijalipiwa, tukalala gesti tena. Jumapili asubuhi tumesimama pale darajani Sitalike tunaangalia viboko kama wanavyowaangalia wanakijiji, ambao hawalipi kitu.

Sasa madai. Mwanzo kwenye kikao chetu tulikubaliana tudai hela ya siku ya pili na kambi tu. Lakini kila nikirudia kuandika naona huko ni kuwabembeleza. Mrudishe sehemu yote ya viingilio na kambi, laki 3 mara 12 ni milioni 3 na laki 6, ongeza laki na nusu ya mtoto, milioni 3 na laki 7 na nusu. Mnaweza kukata kile mlicholipia kweli, watu 10, saa 24, na ada ya gari, kwa sharti moja, mlete risiti ya hifadhi yenye hiyo kontroli namba niione kwa macho yangu. Bila risiti hakuna kukata. Na mrudishe hela ya gesti usiku wote miwili na ya wale wawili tuliowalipia.

Hela zirudi kwenye akaunti ya kikoba, msimtumie mtu kwenye simu, tumeshaona simu zenu.

Tena nimekumbuka, risiti ya EFD hamkutupa. Milioni 5 na ushee mmepokea mkatuandikia kikaratasi cha kitabu cha dukani. Nilipoulizia yule dada wa mapokezi alisema mashine imeharibika, nikarudi wiki nyingine bado imeharibika. TRA wako hapo hapo mjini, sio mbali na kwenu, nadhani watapenda kuja kuiangalia hiyo mashine inaumwa nini. Na leseni ya biashara ya utalii inatoka Wizara ya Maliasili na Utalii, huko nako barua inafika. Kopi ya invoisi ninayo, picha za mabegi kwenye vumbi binti yangu alipiga, na zile meseji za dereva akitutumia namba yake na jina lake tulipie zipo kwenye simu tatu tofauti.

Na kuhusu ile sauti ya kwenye spika. Hiyo hailipwi kwa hela. Huyo mtu aje mwenyewe kwenye kikao chetu Jumamosi saa tisa alasiri, Isevya, asimame mbele ya mwenyekiti amuombe radhi kwa mdomo wake ule ule. Dereva naye aje. Msitume barua wala maua wala kalenda zenu za picha ya simba. Mkileta visingizio kwamba amesafiri, basi tunabadilisha dai, tunataka milioni 5 na laki 6 na elfu 25 yote kama tulivyowapa, na hatutakata chochote, na hatutakuja mmoja mmoja.

Nawapa siku saba tangu mnapopokea barua hii. Siku ya nane asubuhi naanzia TRA, nikitoka hapo napita polisi na zile meseji, alafu ndio tunakuja kwenu na mabegi, na lile la bluu litakuwa mbele.

Ahsanteni kwa kunisikiliza, nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,

Mhazini,
kwa niaba ya kina mama wote wa kikoba.

Nakala: Mwenyekiti wa kikoba, Mwenyekiti wa mtaa.