Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Leseni ya Duka la Dawa na ya Anayetuhudumia

Ndugu wanachama, assalamu alaykum na hamjambo.

Mambo ya ada na matumizi yamo katika ripoti ya mweka hazina, nami sitayarudia. Nitalishika swali lililofika mbele ya kamati mara nyingi zaidi mwaka huu: tutajuaje kwamba anayetuuzia dawa za sukari na presha ana ruhusa ya kuziuza? Sisi hununua dawa kila mwezi, na wengi wetu tutazinunua hadi mwisho wa maisha.

Ruhusa hutolewa na Bodi ya Famasia na Sumu, PPB, chini ya Sura ya 244 ya sheria za Kenya. Leseni ni mbili, moja ya duka na nyingine ya mtu anayelisimamia. Zote huisha tarehe 31 Desemba, kwa hivyo duka ulilolikagua mwaka jana likague tena Januari hii.

Ukutani huwa kuna karatasi nyingi, na hapo ndipo wengi hukosea. Kibali cha biashara cha Kaunti ya Mombasa ni cha biashara tu, hakithibitishi lolote kuhusu dawa. Kile cheti cha usajili kilichotiwa fremu nacho hupewa mhusika mara moja, na hakionyeshi kama ameilipia leseni ya mwaka. Tafuteni karatasi yenye mwaka huu. Kisha someni mahali palipotajwa, maana leseni ya duka ni ya jengo lile lile: ikiwa imeandikwa Majengo nawe umesimama Bombolulu, uliza.

Leseni ya mtu huhitaji macho zaidi. Wanaosajiliwa ni mfamasia, aliyesoma digrii ya miaka 5 na kufanya mwaka wa mafunzo ya kazi, na mteknolojia wa dawa, mwenye diploma ya miaka 3. Sisi huku humwita "daktari" kila aliye nyuma ya kaunta, hata kijana aliyeajiriwa kupanga paketi, na heshima hiyo hutuzuia kuuliza. Ulizeni kwa upole: "Msimamizi aliyeandikwa hapa ni nani, na yupo?" Kasoro iliyo mbaya kuliko zote ni jina la kuazima, ambapo leseni ni ya kweli lakini mwenyewe haonekani dukani. Hapo hakuna wa kugundua kwamba dawa mpya inagongana na ile unayomeza tayari.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika chache. Duka lenye leseni hupewa msimbo wa usalama wa afya, yaani nambari yake ya utambulisho, nao hubandikwa panapoonekana. Utumeni kwa ujumbe mfupi kwenda 21031, na jibu mlilinganishe na jina la duka mlimosimama. Jina la msimamizi litafuteni kwenye tovuti ya Bodi. Majina ya mji wetu yanafanana sana, kwa hivyo andikeni majina yote kama yalivyo kwenye leseni, na nambari ya usajili ikiwepo mlinganishe nayo pia.

Wanaotumia insulini watazame friji pia. Chupa isiyofunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka. Kwa joto letu na umeme unaokatika, friji isiyo na kipimajoto haitoshi, leseni ziwe safi namna gani. Vidonge vilivyokatwa kutoka kwenye paketi visiwe vimepoteza ule upande wenye tarehe ya mwisho na nambari ya toleo. Ukikubali kipande kisicho na hayo, hutaweza kulalamika baadaye.

Dawa ikikudhuru, fomu ya Bodi ya kuripotia ni ya manjano. Dawa yenyewe ikiwa mbovu, ni ya waridi. Wekeni risiti na paketi.

Kamati inaomba kila mwanachama aje mkutano ujao na jina la duka lake, msimbo wa duka hilo na jina la msimamizi. Vijana wetu watakaa mezani kuanzia saa tatu asubuhi kuwasaidia wazee kutuma ujumbe na kutafuta majina. Duka lisilothibitika halitaingia katika daftari la chama hadi lionyeshe leseni ya mwaka huu.