Fuvu la simba wa bustani si la simba wa porini

Mhariri,

Wasomaji wenu wanaobishana simba yupi mkubwa, wa bustani ya wanyama au wa porini, wanalinganisha kilo. Kilo hudanganya. Dume wa porini aliyeshiba huweza kuwa na kilo 30 za nyama tumboni. Wa bustani naye hujaa mafuta. Ulizeni mfupa, ingawa nao una masharti yake.

Mwaka 1917, mtaalamu wa wanyama Ned Hollister alichapisha ulinganisho ambao hadi leo unastahili kusomwa. Simba waliokamatwa wakiwa watoto katika Kenya ya sasa walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Washington. Walipokufa, mafuvu yao yaliwekwa kando ya yale ya simba waliowindwa huku huku walikozaliwa. Asili moja, malezi mawili. Mafuvu ya waliofugwa yalikuwa mafupi na mapana, mifupa ya mashavu imetanuka, nafasi ya ubongo imepungua. Asiyejua historia yao angedhani ni simba wa jamii mbili.

Chanzo kikubwa ni kazi ya misuli. Simba wa porini hung'ang'ania koo la nyati, huburuta mzoga, huchana ngozi ngumu. Taya na shingo huvuta mfupa ungali unakua, nao hufuata mvuto huo. Anayekatiwa nyama vipande hana cha kuvuta. Tena nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, kwa hiyo mtoto asiyepewa mifupa hupinda miguu. Akinyimwa ini hukosa vitamini A, maana jamii ya paka haiwezi kuitengeneza kutokana na mboga kama sisi. Hapo mfupa wa kisogo hunenepa, tundu la chini ya fuvu, linakopita neva kuu ya mgongo, hubana, na mnyama huanza kupepesuka.

Anayetaka kulinganisha atenge madume na majike, na aondoe mafuvu ambayo maungio yake hayajafunga. Atumie kalipa, yaani kifaa cha kupimia chenye taya mbili, kwa sababu utepe hufuata mikunjo na kuongeza urefu usiokuwapo. Urefu ni kuanzia mbele ya mfupa wa meno ya mbele hadi vifundo viwili vinavyokalia pingili ya kwanza ya shingo. Upana ni pale mashavu yalipotanuka zaidi. Msijumlishe vipimo hivyo viwili kama wafanyavyo wawindaji wanaoshindania rekodi: fuvu fupi pana na fuvu refu jembamba huweza kutoa namba ileile, na tofauti yote tunayoitafuta hupotea humo.

Msomaji, Nakuru