Matairi ya baiskeli yauzwe kwa milimita, si kwa inchi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie waagizaji wa vipuri, wenye maduka, mafundi wenzangu na wenye baiskeli kwa jambo moja ambalo kulirekebisha hakuhitaji fedha ya maana, lakini likiachwa kama lilivyo litaendelea kuwatia watu hasara na kuwavunja mifupa. Jambo lenyewe ni namna tunavyouza na kununua matairi ya baiskeli. Mteja anafika dukani, anasema anataka tairi la 28 au la 26, muuzaji anamshushia lililo karibu, fedha zinahesabiwa, na hakuna aliyeuliza swali ambalo jibu lake ndilo linaloamua kama tairi hilo litakaa kwenye ringi au litachomoka njiani.

Watu wengi hudhani kwamba tairi hushika kwenye ringi kwa sababu mpira wake umekaza, au kwamba upepo ndio unaolibana. Upepo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Husukuma kingo za tairi zijikandamize kwenye kuta za ringi, na hapo husaidia. Lakini pia hulisukuma tairi zima kwenda nje, mbali na ringi, na hapo kinachozuia lisitoke ni pete mbili za waya wa chuma zilizofichwa ndani ya kingo za tairi, moja kila upande. Waya huo hauvutiki. Ukijaza upepo wa bar 4, kila sentimita ya mraba ndani ya tairi husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, na mzigo huo huishia kwenye pete hizo. Kipenyo cha pete kikilingana na kipenyo cha mahali pake pa kukaa kwenye ringi, tairi halina pa kwenda. Pete ikiwa kubwa kupita kiasi, ukingo hupanda juu ya ukuta wa ringi, tyubu huchungulia pale ulipopanda, na hupasuka kwa mlio unaowashtua watu wa mtaa mzima.

Utaratibu huu una historia yake, na inafaa tuijue. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, na hataza hiyo ilibatilishwa baadaye kwa kuwa Robert William Thomson alikuwa ameshasajili wazo hilohilo mwaka 1845. Tairi la Dunlop liligandishwa kwenye ringi kwa kitambaa na gundi, kwa hiyo kuziba pancha kulimaanisha kubandua kila kitu na kusubiri gundi ikauke upya. Aliyetupatia njia tunayoitumia hadi leo ni Charles Kingston Welch wa London, ambaye mwaka 1890 alisajili tairi lenye waya usiovutika kwenye kingo zake, pamoja na ringi yenye bonde katikati. Mwaka huohuo William Erskine Bartlett, akiwa Edinburgh, alisajili njia nyingine ambayo kingo za mpira hunasa chini ya kuta za ringi zilizokunjwa kwa ndani. Ringi nyingi za sasa zimeunganisha mawazo hayo mawili: waya wa Welch ndio unaoshika, na kukunjwa kwa kuta za ringi husaidia ukingo usiteleze upepo unapokuwa mwingi.

Ikiwa usalama wa mpanda baiskeli unategemea pete ya waya kulingana na mahali pake, basi kipimo cha kwanza cha kuuliziwa dukani kingekuwa kipenyo cha mahali hapo. Sisi tunauliza inchi, ambazo tangu zamani zilikadiria kipenyo cha nje cha tairi likiwa limejaa upepo. Viwanda vilipotengeneza matairi manene na membamba yenye kipenyo cha nje kilekile, vililazimika kubadilisha ukubwa wa ringi, huku jina la inchi likibaki palepale. Matokeo yake ni kwamba tairi lililoandikwa 28 x 1½, la baiskeli zetu nyeusi za mizigo zenye breki za fito, hukaa kwenye ringi ya milimita 635, ilhali lililoandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜, la baiskeli nyingi za mitumba kutoka Ulaya, hukaa kwenye ringi ya milimita 622. Baiskeli za mashindano nazo hutumia 622, zikiwemo zile zilizoshindana Kigali Septemba 2025 katika mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Kwa inchi zote hizi huitwa 28, na kwa waya ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwenye 26 mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Tairi la 26 x 1.95, la baiskeli za milimani, ni la ringi ya milimita 559, na lile la 26 x 1⅜ ni la milimita 590. Hapo tofauti ni milimita 31, na bado muuzaji huyaweka kwenye rafu moja kwa sababu yote ni 26. Yapo hata matairi ya 26 x 1.75 na ya 26 x 1¾, ambayo mwanafunzi yeyote wa hesabu atasema ni sawasawa, kumbe la kwanza ni la milimita 559 na la pili ni la milimita 571, na hayabadilishani. Wanaotumia viti vya magurudumu wanaumia vilevile: magurudumu mengi makubwa ya viti hivyo huchukua tairi la 24 x 1⅜, ambalo ni la milimita 540, na mtu akiuziwa la 24 x 1.75 la baiskeli ya mtoto, ambalo ni la milimita 507, halitaingia hata akilazimisha kutwa nzima. Mtu huyo si rahisi kwake kurudi dukani kubadilisha.

Tairi dogo kuliko ringi angalau hujitangaza kwa kugoma kuingia, ingawa nimeshuhudia mafundi wakililazimisha kwa bisibisi mpaka waya ukakatika ndani ya mpira, na hasara ikadhihirika baadaye. La kuogopwa ni tairi kubwa kuliko ringi, kwa sababu huingia kwa urahisi na humfurahisha fundi mvivu. Niliwahi kuletewa baiskeli ya mchuuzi wa maziwa yenye ringi za 622, ambayo gurudumu lake la mbele lilikuwa limevalishwa tairi la 635 alilouziwa dukani kama 28. Tofauti ya milimita 13 kwenye kipenyo maana yake ni kwamba mzunguko wa waya ulizidi ule wa ringi kwa takriban sentimita 4, na tairi lilikuwa likielea. Fundi aliyelifunga, badala ya kulikataa, alikata vipande vya tyubu kuukuu akavizungusha kwenye tairi na ringi mahali panne, akakaza mafundo. Kwa macho lilionekana limeshika. Lakini baiskeli ile ilikuwa na breki zinazobana ubavuni mwa ringi, na kila gurudumu lilipozunguka, raba za breki ziligonga vile vipande na kuvisugua. Kimoja kilikatika mchuuzi alipokuwa akishuka kuelekea daraja akiwa na madumu mawili yaliyojaa, ukingo wa tairi ukaruka, tyubu ikapasuka, mpira ukajisokota kwenye uma wa mbele na gurudumu likasimama ghafla. Alivunjika mtulinga. Maziwa yalimwagika yote, na kwa majuma mengi familia yake haikuwa na mtu wa kuwapelekea wateja. Duka lililomuuzia tairi lilimjibu kwamba aliomba 28 na akapewa 28, na kwa jinsi tunavyofanya biashara hii jibu hilo halikuwa la uongo. Hilo ndilo linaloniuma.

Dawa ipo, na imeshaandikwa kwenye tairi lenyewe. Shirika la Ulaya la viwango vya matairi na ringi, ETRTO, liliweka utaratibu wa namba mbili zinazotenganishwa kwa kistari, na utaratibu huo umeingizwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5775. Tairi likiandikwa 40-635, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita na ya pili ni kipenyo cha mahali waya unapokaa. Namba hii ya pili haina majadiliano: ya tairi na ya ringi lazima ziwe moja. Ya kwanza inaweza kupungua au kuongezeka kidogo, mradi uma na breki viruhusu na ringi isiwe nyembamba mno kwa tairi hilo. Ringi nyingi za alumini zimeandikwa namba hiyo pia, kwa mfano 622 x 19, ambapo 19 ni upana wa ndani. Tatizo ni kwamba kwenye ubavu wa tairi inchi huchapwa kwa herufi kubwa na milimita kwa herufi ndogo, na kwa kuwa hakuna anayeziuliza, hakuna anayezisoma.

Kama namba imefutika na ringi haina maandishi, kipimo kinaweza kupatikana kwa uzi. Utepe wa fundi cherehani hautoshi kwa sababu huishia sentimita 150. Vua tairi, zungushia uzi usiovutika mahali waya unapokaa, yaani kwenye kile kibaraza chembamba kati ya ukuta wa ringi na bonde, weka alama pale uzi unapokutana, kisha unyooshe na uupime. Ukipata karibu sentimita 199.5, ringi ni ya 635. Sentimita 195.4 ni ya 622, sentimita 185.4 ni ya 590, na sentimita 175.6 ni ya 559. Kazi hii ni ya dakika chache, na inatoa jibu ambalo jicho peke yake haliwezi kutoa.

Kwa mafundi wenzangu nina ombi la ziada. Tairi la namba sahihi huvaliwa kwa vidole gumba, bila bisibisi, kwa anayeelewa kazi ya lile bonde la Welch. Waya hauvutiki, kwa hiyo nafasi ya kuuvusha juu ya ukuta wa ringi hupatikana kwa njia moja tu: kuusukumia bondeni upande wa pili, ambako kipenyo ni kidogo. Valisha upande mmoja wote, tia tyubu yenye upepo kidogo ili isijikunje, kisha anza upande wa pili mkabala na valvu na umalizie penye valvu, kwa sababu hapo tyubu ni nene na huzuia waya kushuka bondeni. Ukimaliza, sukuma valvu juu kisha ivute chini ili tyubu isibaki imebanwa chini ya ukingo. Piga upepo kidogo, zungusha gurudumu taratibu na utazame ule mstari mwembamba uliochorwa ubavuni mwa tairi karibu na ringi. Ukiwa umelingana na ringi pande zote, endelea mpaka kiasi kilichoandikwa ubavuni. Ukizama au kupanda mahali popote, toa upepo, paka maji ya sabuni kwenye ukingo, urekebishe na uanze tena. Tairi ambalo halikai sawa baada ya hapo lina waya uliokatika au si la ringi hiyo, na mteja anapaswa kuambiwa hivyo bila kufichwa. Kufunga kwa vipande vya mpira tuache.

Kwa wenye maduka, naomba rafu zipangwe kwa milimita. Chaki na kipande cha boksi vinatosha: 635 hapa, 622 pale, 590 na 559 mbalimbali, na mteja aulizwe namba ya tairi lake la zamani kabla ya kuonyeshwa jipya. Nanyi wenye baiskeli, msitupe tairi lililochakaa kabla ya kuinakili namba hiyo. Wengi tuna simu zinazopiga picha.

Kwa waagizaji na kwa Shirika la Viwango Tanzania, ombi langu ni kwamba kila tairi na kila ringi ya baiskeli inayoingia nchini iwe na namba ya milimita iliyochapwa kwa ukubwa usiopungua ule wa inchi, kwa rangi inayosomeka, na kwamba hata kwenye ankara na maboksi bidhaa hizi zitajwe kwa namba hiyo. Kiwango kipo tayari, viwanda vinakifahamu, na mwagizaji anayeagiza kontena zima ana sauti ya kutosha kukiambia kiwanda kichape herufi kubwa zaidi. Vyuo vya ufundi stadi navyo vinaweza kuliweka somo hili katika kozi fupi ambayo fundi wa chini ya mti anaweza kuhudhuria bila kufunga kazi yake kwa muda mrefu. Waagizaji watakaokuwa tayari kuanza na mzigo wao ujao, wapo mafundi huku kwetu, nami nikiwa mmojawapo, tutakaowaeleza wateja bila malipo maana ya namba hizo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi baiskeli,
Shinyanga