Neno "ya zamani" linavyowamaliza ng'amba

Ndugu Mhariri,

Nina bangili ya ng'amba, yaani iliyochongwa kwa magamba ya kasa wa baharini aitwaye ng'amba, niliyoachiwa na bibi yangu. Mwaka jana niliweka picha yake mtandaoni pamoja na vitu vingine vya marehemu, ndugu wapate kuviona. Siku haijaisha, mtu nisiyemjua alikuwa ameshaniandikia akitaka kuinunua. Nikamjibu kwamba magamba ya kasa hayauzwi. Akanijibu papo hapo: "We andika ni ya zamani."

Jibu hilo limenikaa kichwani tangu siku ile, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Sheria ya kimataifa juu ya kasa si changa. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ulianza kutumika mwaka 1975, na tangu 1977 ng'amba amewekwa katika orodha yake ya kwanza, ya viumbe ambao ni marufuku kuvushwa mipaka kwa biashara. Leo aina zote 7 za kasa wa baharini zimo humo. Lakini mkataba huo kazi yake ni mpakani. Gamba likishakuwa ndani ya nchi, mwenye kauli ni sheria ya nchi yenyewe, na nyingi kati ya sheria hizo zina mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya mali ya kale au akiba iliyoandikishwa. Yule mnunuzi wangu aliujua mlango huo vizuri kuliko mimi.

Japani inatufundisha mengi hapa. Mafundi wake wa bekko, kazi ya kuchonga ng'amba, walitumia magamba mengi kuliko soko lolote jingine katika karne iliyopita. Nchi hiyo ilipojiunga na mkataba mwaka 1980 ilitangaza kwamba kipengele cha ng'amba hakitaifunga, ikaendelea kuagiza hadi mwisho wa 1992, baada ya Marekani kuitishia vikwazo. Uagizaji ulikoma, ila soko la ndani lilibaki halali kwa akiba iliyokuwapo. Miaka mingi baadaye maofisa wa forodha wa huko huko wamekuwa wakikamata magamba ghafi yanayoingizwa kwa magendo. Mtu angejitia hatarini kuyaleta kwa faida gani, kama hakuna pahali halali pa kuyachanganya na ya zamani?

Na kuyachanganya ni rahisi mno. Mgongo wa ng'amba una magamba makubwa 13 yaliyopandana kama vigae vya paa, manjano na kahawia na meusi kwa pamoja. Fundi huyalainisha kwa joto, akayaunganisha, akayapinda, akayang'arisha. Likishakuwa kitana au fremu ya miwani, hakuna jicho litakaloona mnyama huyo alikufa lini. Ipo siku hizi programu ya simu inayotenganisha ng'amba halisi na plastiki kwa picha tu, na vipimo vya vinasaba vinaweza kuelekeza kasa alitoka sehemu gani ya bahari. Ninavifurahia vyote viwili. Ila ofisa aliyesimama mbele ya kabati la duka, akiambiwa kilichomo ni cha 1970, havimpi jibu.

Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2019 walikadiria kwamba kati ya 1844 na 1992 ng'amba wapatao milioni 9 waliuawa kwa ajili ya biashara ya magamba. Jike wa ng'amba huweza kuchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Anayevuliwa leo, hata marufuku ikikazwa kesho, pengo lake litazibwa na mtoto atakayetaga wakati sisi tumeshazeeka.

Kuna njia nyingine, na imeshajaribiwa. Shelisheli ilipiga marufuku biashara hiyo ndani ya nchi mwaka 1994. Serikali iliinunua akiba ya mafundi, ikawasaidia kuhamia kazi nyingine, na mwaka 1998 ikaichoma hadharani, zaidi ya tani 2. Najua wapo walioona ni hasara kuteketeza mali. Mimi naona ilikuwa hesabu sahihi, kwa sababu akiba ikiwapo, daima kutakuwa na mtu wa kuijaza upya usiku.

Tena mafundi walilipwa. Hilo nalisisitiza, maana mara nyingi mzigo wa sheria humwangukia mvuvi aliyenaswa na kasa mmoja, naye muuzaji mwenye kabati la kioo anaendelea kuonyesha cheti chake cha akiba. Mvuvi yule alipata sehemu ndogo kabisa ya fedha anayoipata muuzaji.

Ninachoomba kwa wabunge na wizara husika, popote soko la ndani lingali halali, ni kuufuta msamaha wa mali ya zamani katika kuuza na kununua. Anayetaka kubaki na kitu cha familia abaki nacho, asikiuze. Wenye akiba wapewe muda wa kuisalimisha, walipwe, baada ya hapo kila ng'amba aliyewekewa bei ahesabiwe kuwa wa magendo, bila kuuliza umri wake.

Bangili ya bibi yangu bado iko sandukuni. Siku ofisi ya kuipokea itakapofunguliwa nitaipeleka mwenyewe, na malipo sitaki.

Wako,
Msomaji