Baba aliposikiliza reli mpya

Dodoma,
9 Februari 2025

Mpendwa Yunisi,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Sisi ni wazima. Mvua zimeshika, mahindi ya nyuma ya nyumba yamenifika kiunoni. Ndoo ya mawese uliyompa yule kijana ilifika salama, na tangu siku hiyo baba hataki maharage yaliyoungwa kwa mafuta mengine. Asante sana, mwenzangu.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima kabla ya kushika kalamu. Unasema reli mpya ni ya wakubwa wanaokwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kwamba fedha zile zingetosha kuifufua reli yetu ya zamani yote, toka bandarini mpaka ziwani, mtu wa Kigoma naye akapumua. Na shemeji ameongeza maneno yake pale chini: kama ni mwendokasi, basi tungejenga mwendokasi wenyewe, wa kilomita 300 kwa saa kama wa Morocco, na si hii ya 160.

Nianze na shemeji, maana lake ni jepesi. Mwambie treni ya Morocco, ile Al Boraq, ilianza Novemba 2018, na ni kweli inafika kilomita 320 kwa saa. Lakini mbio hizo ni za kati ya Tanger na Kenitra tu, kwenye njia mpya iliyojengwa kwa ajili yake. Kuanzia Kenitra hadi Casablanca inaingia njia ya zamani iliyoboreshwa, na mwendo unapungua. Wamorocco wenyewe walichanganya kipya na cha zamani, tena walikuwa na reli za umeme zinazofanya kazi kila siku miaka mingi kabla ya hapo. Halafu njia ile ya mbio ni ya abiria. Sisi shida yetu ni kutoa mzigo bandari ya Dar es Salaam kuupeleka Burundi, Rwanda na Kongo, sasa njia isiyopitisha mzigo tungeifanyia nini? Ya kwetu imesanifiwa kwenda 160 kwa abiria na 120 kwa mizigo, na imejengwa kuhimili tani 35 kwa kila ekseli, yaani kila jozi ya magurudumu. Watu wanapigia makofi ile 160. Mimi naitazama ile 120.

Lako wewe ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu jiwe la msingi lilipowekwa kule Pugu Aprili 2017, maneno unayoyasema leo nilikuwa nayasema mimi. Nilikuwa nawaambia watu kazini: tuna reli tayari, Wajerumani waliianza Dar es Salaam 1905, mwaka 1914 ikawa imefika Kigoma, ile meli yenu ya Ziwa Tanganyika, Liemba, yenyewe ilisafirishwa vipandevipande juu ya reli hiyo. Kwa nini tusiitengeneze hiyohiyo?

Lakini Yunisi, wewe na mimi tumekulia Gulwe. Tunajua reli ile imelala wapi. Waliofungua njia waliufuata Mto Mkondoa kwa sababu bonde ndilo lililokuwa rahisi kupita, na mto umekuwa ukidai njia yake tangu siku ile. Kumbuka mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, mafuriko ya Kilosa. Tulipokwenda kuangalia, reli ilikuwa inaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi iliyoangushwa, chini hakuna tuta, hakuna kokoto, maji mekundu tu yanapita. Miezi ile treni ya Kigoma ikawa inaanzia Dodoma, abiria wa Dar wanaletwa hapa kwa mabasi. Ni njia ambayo kila ukiitengeneza unasubiri masika yakuambie kama umeitengeneza kweli. Na upana wake ni mita 1, kona zake kali. Hata ukiitia reli mpya zinazong'aa, hutaipa mwendo wala uzito wa kuzishinda semitrela za barabara kuu.

Tena si kweli kwamba ya zamani iliachwa ife. Dar hadi Isaka, kilomita 970, imekarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wakati hii mpya inajengwa. Na kule kaskazini treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, baada ya watoto kukua na kuoa bila kuiona. Kwa hiyo lile swali la mpya au ya zamani, mimi nimeshaliacha.

Sasa nikueleze kilichonibadilisha. Mwezi wa kumi na mbili nilimpeleka baba Dar kwa daktari wa macho. Nilikata tiketi za treni mpya, 31,000 kila mmoja. Unamjua baba: miaka 30 kwenye gengi la reli, kila alfajiri anatoka na taa, nyundo na spana yake ndefu, anatembea kipande chake chote akigonga na kusikiliza. Bolti iliyolegea alikuwa anaijua kwa mlio. Basi alipoketi dirishani hakutazama nje. Alivua kofia, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Nikadhani amechoka. Treni ikashika mwendo, kile kioo cha kuonyesha mwendo kilichoko juu kikaandika 158, baba bado kafumba macho. Mwishowe akaniuliza, "Mbona haigongi?"

Nikamwambia reli hizi zimeunganishwa kwa kuchomelewa, hazina maungio kama yale yake. Akanyamaza. Unakumbuka alivyokuwa akituonyesha ile nafasi ndogo kati ya reli na reli, asubuhi kidole kinaingia, mchana haipo, chuma kimevimba kwa jua? Alikuwa anaifikiria hiyo. Tulipokuwa tunapita Gulwe, na treni yetu haikusimama, akafumbua macho akauliza tena, "Sasa joto la hapa saa nane mchana linakwenda wapi?"

Yunisi, nimemuuliza mhandisi mmoja kijana swali hilo, jirani yetu hapa. Akaniambia mzee ameuliza swali lenyewe. Joto haliendi popote. Linataka kukirefusha chuma, chuma hakina pa kwenda, msukumo unabaki umefungiwa ndani yake, na kinachoizuia reli isijipinde ni mataruma ya zege na kokoto zilizoshindiliwa sawasawa pembeni. Kokoto zikipungua, zikichukuliwa na maji au zikilegea, siku ya jua kali reli inapinda, na kwa mwendo wa 160 dereva haoni mapema. Maana yake reli ya kisasa inataka macho mengi kuliko ya baba. Mashine za kupima, ndiyo, lakini pia watu wanaoijua kila karavati na kila daraja, wanaojua korongo gani huleta maji bila mvua kunyesha hapo. Na juu yake kuna nyaya za umeme za kilomita mamia, nazo zinataka watu wao.

Reli ya zamani haikuuawa na uzee. Wewe ulikuwepo watu walipopunguzwa kazini, gengi la baba likabaki wanaume wachache wenye kipande kirefu mara mbili, nati zinadondoka na hakuna wa kuzirudisha. Mwendo ukashushwa hapa, ukashushwa pale, treni ikachelewa, wafanyabiashara wakahamia kwenye malori, mapato yakakauka, na wachache waliobaki wakapunguzwa tena. Nikifikiri jambo hilo lirudie kwenye reli tuliyoijenga kwa mikopo mikubwa namna hii, moyo unanienda mbio. Mkopo mmoja tu, ule uliosainiwa Februari 2020, ulikuwa dola bilioni 1.46. Tiketi za 31,000 haziwezi kuulipa huo. Mzigo ndio utakaoulipa, na mzigo unaufuata usalama na saa, hauufuati urembo wa stesheni.

Tuna mfano hapahapa nchini. Waingereza walijenga reli ya kusini kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga. Karanga hazikuota walivyotaka, mzigo haukuwepo, na mwanzoni mwa miaka ya 60 reli ile ikafungwa na kung'olewa. Ilikuwa reli mpya kabisa! Na majirani zetu Kenya walizindua yao ya Mombasa hadi Nairobi tarehe 31 Mei 2017, ya dizeli, wakaisogeza mpaka Suswa 2019, fedha za kuifikisha Malaba, mpakani na Uganda, zikakosekana, ikawabidi warudi kukarabati njia ya zamani kutoka Naivasha. Siwacheki, nao wametufundisha. Reli iliyoishia katikati ya mbuga inalipa deni la safari nzima kwa mapato ya nusu safari.

Ndiyo maana nakuambia hapa tuko upande mmoja zaidi ya unavyodhani. Kuishia Dodoma ni hasara. Treni ya abiria imeanza kufika hapa Julai 2024, watu wanafurahi, mimi mwenyewe nilifika Dar kabla chai ya kwenye chupa haijapoa vizuri. Lakini reli hii haijawa reli mpaka ifike Mwanza, na ifike kwenu. Mkataba wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Hicho ndicho kipande cha kupigia kelele, Yunisi. Usiwaandikie watu wakusimamishie cha Dodoma. Waandikie wasikisahau cha Kigoma, na wakati wanakijenga, ile treni ya zamani inayosimama Saranda, Itigi na vijiji vyote vile isiondolewe. Mama anayeuza kuku dirishani Saranda hatauza chochote kwenye treni inayopita kwa 160 na madirisha yasiyofunguka. Hilo nalo nimeliona kwa macho: pale Gulwe kulikuwa na wasichana wawili na mabeseni ya miwa, wamesimama nje ya uzio, wanaitazama treni inavyopita.

Ningependa pia waanze sasa kuwafundisha vijana wa Gulwe, Kidete na Godegode kazi ya kuilinda njia hii, wakingali wazee kama baba wapo wa kuwaambia mto umewahi kupita wapi. Baba ameniagiza nimtafutie daftari. Anataka kuandika makorongo yote ya kipande chake, kila moja na mwaka lilipobomoa. Ameshaandika 11 kwa mkono unaotetemeka, na jana alikwama kwenye moja lililo baada ya daraja la tatu, upande wa Kidete, lile mlilokuwa mkichota maji wewe na marehemu mama yako. Jina lake limempotea. Mimi pia silikumbuka.

Likizo ya Aprili njoo. Panda treni yetu ya zamani mpaka hapa, nitakupokea stesheni, na kesho yake tutachukua hii mpya twende Dar sote watatu, ukajionee mwenyewe ndipo tubishane vizuri. Nijulishe siku utakayoondoka Kigoma ili nimwambie baba. Na jina la lile korongo, kama unalo, nitumie kwa simu usingoje barua.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi wako,
Esta